Mizani Niliyomnunulia Salim

Jumatano, Guangzhou

Pete ile ile, mizani ile ile, na mara tatu imenipa namba tatu tofauti. Nimebadilisha betri, ikanipa ya nne.

Pacha yake iko kwenye ndege sasa hivi, ndani ya begi la Mwanaisha, mfanyabiashara mwenzangu, inakwenda Mombasa kwa mdogo wangu Salim.

Salim hushindana kulenga shabaha, ana kibali, na risasi za bastola yake huzijaza baruti mwenyewe. Sasa anahamia vichwa vya risasi vizito zaidi. Alinitumia ujumbe wa sauti, taratibu kama mwalimu: "Dada, kichwa kizito hakitaki baruti nyingi kama chepesi. Nikizidisha punje chache tu, bastola inanipasukia mkononi. Nitafutie mizani ya kweli."

Nami nikamjibu: "Nimeijaribu mwenyewe, ni safi."

Uongo. Nilichojaribu kwenye duka la hapa mtaa wa Yide Lu ni sampuli ya kaunta. Laoban, mwenye duka, akanipa maboksi mawili yaliyofungwa, nikayabeba hivyo hivyo. Mimi, ambaye kule Shiling, kwenye soko la mikoba, sichukui mkoba hata mmoja kabla sijavuta zipu yake! Mikoba ya wateja naikagua, mkono wa ndugu yangu...

Nimempigia mara sita. Mwishowe amepokea mkewe. Nikamwambia mizani ikifika, Salim asipimie chochote.

Akacheka. "Wifi, mbona wasiwasi? Salim amesema, ukishaijaribu wewe, yeye hana haja ya kuijaribu tena."

"Mpe simu," nikasema.