Macho ya Sista

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, ila goti la Mama bado linamsumbua, na paa la jikoni tumeliziba tena.

Uliniuliza ni nani anayeniongoza, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvaa koti jeupe. Alikuwa Sista, muuguzi mkuu wa wodi ninayofanyia usafi. Tulikuwa wanne tunaoomba kusomea udaktari, wote watoto wa watu wa jembe na ufagio. Kila Jumamosi alitukusanya kwenye chumba cha kufulia shuka, akatusahihishia barua zetu na kutufundisha kujibu maswali ya usaili. "Msijikunyate kama mnaomba chumvi kwa jirani," alitutania.

Ndiye aliyetufundisha kutazama macho ya mgonjwa. Yakiwa manjano, huenda ini lina shida.

Mama Mdogo, wiki tatu kabla ya usaili niliyaona macho yake yakiwa manjano, nikanyamaza. Niliogopa kwamba akilazwa nitabaki bila mtu wa kuniandaa. Aliniuliza, "Mbona unanikodolea hivyo?" Nikamjibu, "Hamna kitu, Sista."

Usaili ulipita vizuri. Kesho yake alianguka wodini, na Jumanne tukamzika. Daktari alisema ni ini; angewahi kutibiwa, pengine wangemsaidia. Wenzangu walilia mabegani mwangu, wakanisifu kwa kujikaza. Sikuwaambia.

Majibu yametoka leo, nimechaguliwa. Usimwambie Mama kwanza. Atapiga vigelegele, nami sijui nitauficha wapi uso wangu.

Ni mimi,
mwana wa dada yako