Ubao wa Nne

Dada Zuwena, shikamoo.

Kaka Seif tumemzika jana, hapa Unguja, mvua ikimwagika. Viunza, zile mbao za kumfunika, vikapungua kimoja. Kaburi linaingia maji, watu wananihimiza, nikakimbilia karakana yake jirani nikachukua ubao uliosimamishwa ukutani. Niliuona umechongwa. Nilidhani ni nakshi za mlango, kama hizi za picha ya kadi hii. Nikamfunika kwa mkono wangu, michoro ikimwelekea yeye.

Leo asubuhi kaja bibi wa Kigiriki mwenye hoteli Shangani, kutupa pole. Analia kweli. Kumbe Kaka alikuwa akimchongea majina ya miungu yao ya kale, ya kubandika kwenye milango ya vyumba. Karatasi aliyomwandikia ili ayaige bado iko mezani karakanani: Αθηνά, Δήμητρα, Ποσειδών, Ύπνος. Mbao ziko tatu.

"Huyu wa mwisho ni mungu wa usingizi," akaniambia. "Ubao wake uko wapi?"

Nikamjibu sijui.

Mtu hakukosa swala hata akiumwa, nami nimemlaza chini ya jina la sanamu! Sheikh nimemuuliza kwa kuzungukazunguka, kasema kaburi halifukuliwi ovyo.

Nibusie mama mkono. Akitaka umsomee kadi, msomee salamu tu. Najua atauliza nani aliyemfunika mwanawe. Mwambie ni mimi. Atafurahi.

Nduguyo akupendaye,
Hamadi