Salamu Nilizotoa kwa Niaba Yako

Kaloleni, Nairobi
15 Oktoba 1979

Kwako Mama Ayub,

Mimi ni mzima. Mvua haijafika. Teresiah wa mandazi bado hutia iliki, na kila asubuhi huniuliza kama nachukua ya watu wawili.

Jana nilirudi kanisani. Mchungaji akanikazia macho: "Ndugu Laban alikuwa amepotea. Asimame atusalimie." Nimeandika hotuba za watu gazetini miaka kumi na tisa, lakini yangu ilinishinda. Nikasimama, nikashika benchi la mbele. "Bwana asifiwe," nikasema. Wakaitika, wakangoja. Ndipo likanitoka: "Mke wangu anawasalimu sana kutoka Maragoli."

Kanisa zima likajibu, "Tumezipokea! Mpelekee zetu!"

Nje, tukinywa chai, Nalianya fundi viatu alinicheka. "Bwana Gazeti, kumbe nawe unaogopa watu!" Nikacheka naye. Kisha nikaenda Soko la Burma, nikala mbavu za kuchoma na kachumbari. Zilikuwa tamu. Nusu kilo ni nyingi kwa mtu mmoja.

Hujaniandikia tangu Februari, ulipoondoka na watoto ukisema nawauliza maswali watu wote isipokuwa wewe. Ulisema kweli.

Salamu za kanisa ndizo hizo, nimezifikisha. Zile zako nilizitangaza bila kumuuliza mhusika, jambo ambalo sijawahi kufanya kazini. Kwa hiyo sasa nakuuliza: Jumapili nisimame nizikanushe, au niziache?

Ni mimi,
Baba Ayub