Mluzi Chini ya Bawa

Jumatatu, 4 Machi 2019

Kompyuta imemaliza hatimaye. Imekokotoa namna upepo unavyopita kwenye bawa la ndege ambayo hata bati lake la kwanza halijakatwa. Leo nimegeuza hesabu kuwa sauti, nikavaa hedifoni. Ngurumo imepungua kweli. Lakini ndani yake kuna mluzi — mwembamba, mkali, hauachi. Nimeutafuta mpaka nikaupata: tundu la kupumulia tangi la mafuta, chini ya bawa. Upepo unalipuliza kama mtu anavyopuliza mdomo wa chupa. Nikachora kibati kidogo mbele ya tundu, nikaiendesha hesabu upya. Mluzi hakuna. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatano, 6 Machi

Gilles amekikataa kibati changu. Bosi wangu Gilles, aliyenifundisha kazi hii, aliyeniambia siku ya kwanza niamini masikio kabla ya jedwali. Anasema michoro imeshafungwa, kuifungua ni miezi. "Tumo ndani ya kiwango cha kelele cha sheria, Maylis. Unataka nini tena?"

Nataka watu walale, nikamwambia.

Akacheka. "Watazoea. Watu wa Toulouse wamezaliwa na ndege masikioni."

Nimebamiza mlango wake. Haikunisaidia kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Mbaya zaidi. Alhamisi tunawapelekea sauti ya ndege mpya wakazi wa kijiji kilicho chini ya njia ya kutua. Waisikie, halafu waamue kama watapinga au watanyamaza. Gilles ameniagiza "niisafishe". Neno gani hilo. Maana yake niutoe mluzi kwenye spika na kuuacha kwenye bawa.

"Ni onyesho tu, usiwe mtoto."

Nimeisafisha. Kwa hasira, lakini nimeisafisha. Ile ya kweli sijaifuta.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa mama. Anaishi kijiji hichohicho. Maharage na bata, kama kila Jumapili. Nimemweleza yote. Nilitaka akasirike pamoja nami. Yeye akaendelea kukata mkate.

"Mimi nitafunga madirisha, binti yangu. Wewe shika kazi yako."

"Na wakati wa joto, mama?"

"Wakati wa joto nitafunga pia."

Nimeondoka bila kunywa kahawa. Sijui kwa nini nimemkasirikia yeye. Hapana, najua. Gilles anategemea hilohilo — kwamba kila mtu atafunga dirisha lake na kunyamaza.

Alhamisi, 14 Machi

Niko kwenye ngazi za ukumbi wa kijiji, naandikia gotini.

Gilles alihutubia vizuri, anajua kuongea. Akaniambia niwashe sauti. Nikawasha ile safi. Watu wakapiga makofi. Mama, mstari wa pili, naye akapiga — anajua kila kitu, na akapiga, kwa ajili yangu. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikawasha ile nyingine, yenye mluzi.

Makofi yakakatika. Mwanamke mmoja akaziba masikio. Mzee wa nyuma akasema, "Zima hicho kidude." Nikakiacha mpaka mwisho.

Meya, mwanamke mpole, akauliza ipi ndiyo ya kweli.

Gilles hata hakuniangalia. "Ya kwanza. Hiyo nyingine ni hitilafu ya kompyuta. Mwenzangu amechoka."

Meya akanigeukia. "Ni hivyo, bibie?"

Miaka yote hii sijawahi kumpinga mbele za watu. Nikaomba dakika moja, nikatoka. Najichukia kwa hiyo dakika.

Sasa Gilles amenifuata. Hana hasira, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ameushikilia mlango wazi kama muungwana. Ndani wote wamegeuka huku. Mama amesimama, koti mkononi, hajui aje au akae.

"Ingia useme ni hitilafu, Maylis. Maneno mawili tu. Halafu twende tukale."

Nimemwambia aendelee kushika mlango. Kwanza nimalize kuandika alichosema, ndipo niingie niwasomee.