Rosebellah, Hajja na Mto wa Uskoti

Leo mwaka umetimia, dada yetu Rosebellah Nekesa, tangu moyo wako uliposimama ghafla kule Riyadh.

Miaka tisa ulimtunza Hajja, mama mzazi wa madam wako. Ulimwogesha, ukamsuka, ukamzoesha hata chai yetu ya maziwa. Nasi ukitupigia, kabla ya salamu ulikuwa ushauliza, "Mmekula?"

Kiangazi chako cha mwisho, madam na familia yake walikwenda nawe Uskoti. Ulitutumia picha za shamba kubwa mlilozuru: jumba la mawe, vilima vya maua ya zambarau, kulungu kwenye manyunyu, mto wenye maji mekundu kama chai ya strungi isiyotiwa maziwa. "Kumetulia, jameni, hadi nasikia ng'ombe akitafuna!"

Madam na wanawe waliingia kutazama jumba. Wewe na Hajja mkabaki bustanini. Pasipoti yako ilikuwa mkobani, na basi lilipita pale langoni. Mimi Miriam nikakupigia kutoka Jeddah, wenzangu wa mtaa wa Kandara, waliokwisha kutoroka waajiri wao, wakinihimiza.

"Toroka sasa, ubaki huko! Nafasi kama hii hutaipata tena."

Ukanijibu, "Hajja ameomba kugusa maji, na miguu yake unaijua. Siwezi kumwacha hapa. Mkataba ukiisha nitaondoka nikiaga."

Nilikuita mjinga, nikakata simu. Wiki sita sikupokea simu zako. Hukununa. Siku niliyopokea hatimaye, nilikuomba msamaha, tukalia sote wawili. Siku ya nne ukatutoka.

Nilipofika Riyadh, madam alisema karatasi za kukusafirisha zingechukua miezi, afadhali uzikwe huko. Hajja akaisukuma sahani yake.

"Nilimwambia anilowanishe vidole tu," aliniambia. "Akanibeba mgongoni hadi mtoni, akavua viatu vyangu. Huyu atarudi kwa mama yake."

Siku mbili hakutia kitu mdomoni. Siku ya tatu madam alianza kuzunguka ofisi moja baada ya nyingine, na kabla mwezi haujaisha tulikulaza kwetu Kimilili, Mama akiwa amelishika jeneza lako.

Dada, mjinga nilikuwa mimi. Neno hilo nimeliandika hapa ili kila mtu alisome.

Unakumbukwa na Mama yako Rael, wanao Wesley na Valary, kaka yako Naftali, nami mdogo wako Miriam. Hatutakusahau maisha yetu yote.