Kilatini cha Baba Mdogo

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti la kukanyagia cherehani bado linanisumbua. Natumaini wewe na kikohozi chako mmeshaachana.

Haya, kuna jambo. Baba yako mdogo kaniletea karatasi za wakili. Kasimama mlangoni, hata maji kakataa. Zinasema nyumba hii ilikuwa ya babu yako, kwa hiyo marehemu baba yako hakuwa na haki ya kuniachia. Miaka ishirini na sita humu ndani, leo niambiwe nihame! Napewa siku sitini za kujibu. Ndani kuna maneno ya Kilatini, sijui sheria, sijui dawa ya minyoo. Nakunakilia: *Nemo dat quod non habet*, na *Qui tacet consentire videtur*. Wewe unawachapia mawakili kila siku, nisomee.

Mama yako

12 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha. Pole na goti.

Ya kwanza maana yake mtu hawezi kutoa kitu asicho nacho. Ya pili, anayenyamaza huhesabiwa amekubali. Na hiyo *Dura lex, sed lex* ni kwamba sheria ni ngumu, lakini ndiyo sheria. Nazichapa mpaka naziota.

Mama, achana na mahakama. Utazipanda vipi ngazi zile na goti hilo? Hama taratibu, uje tukae wote. Chumba ni kidogo ila tutabanana.

Mwanao

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu leo usiiulize.

Nilikunakilia misemo miwili. Wewe umenifafanulia mitatu. Huo wa tatu uko ukurasa wa mwisho, sikuuandika kwa sababu kalamu iliniishia wino. Umeuona wapi?

Nikazipeleka zile karatasi dirishani. Zimeshonwa kwa uzi wa kijani, na mwisho wa uzi umezungushwa mara tatu ukapitishwa chini. Fundo hilo nilikufundisha mimi, ukiwa na miaka tisa, unajichoma sindano na kulia. Mafundi wenzangu hunicheka kwamba napoteza uzi.

Baba yako mdogo kakuahidi nini? Chumba cha mbele? Niambie si wewe, nitakuamini. Lakini niambie.

Mama yako

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Ni mimi. Sijaahidiwa chochote, naapa. Karatasi zililetwa dukani kama za wateja wengine. Nililiona jina lako, na bado nikachapa hadi mwisho, nikashona. Bosi wetu alishasema, anayetoa nje siri ya mteja anaacha ufunguo mezani siku hiyo hiyo. Nikaiogopea kazi. Nikakwambia uhame ili yaishe. Naona aibu, Mama, siku tatu hizi sijala.

Sikiliza. Kwenye faili kulikuwa na nakala ya mauzo, babu akimuuzia baba nyumba, mwaka mliooana. Wakili aliniamuru niiache nje. Nenda ofisi ya ardhi, uombe daftari la mwaka huo. Baba alikuwa nacho alichokupa.

Ichome barua hii.

Mwanao

27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti limenikomesha, lakini ngazi nilizipanda, zote thelathini na nane.

Nyumba imebaki. Nilijibu zikiwa zimesalia siku tatu. Jana hakimu kasoma daftari, baba yako mdogo akawa anatazama viatu vyake. Wakili wake akaruka: nani kamwambia huyu mama atafute daftari hilo? Mtu wa kuchapa karatasi zangu? Bosi wako alikuwa benchi la nyuma, ananitazama mdomo tu.

Nikanyamaza.

Akauliza tena, nikanyamaza. Akageuka kwa hakimu, akamwaga Kilatini chake, kwamba anayenyamaza amekubali. Hakimu akamwambia akae chini, daftari linatosha.

Barua yako nimeichoma. Kazi yako ipo. Ila usije ukadhani nilinyamaza kwa sababu nimekusamehe. Bado, mwanangu. Bado inaniuma hata nikitunga uzi kwenye sindano.

Jumapili njoo. Usiandike, njoo mwenyewe, uniambie kwa mdomo wako. Mlango nitauacha wazi.

Mama yako