Tundu la Friji

Jumatano, 19 Septemba 1956

Muhiddin amenunua gari. Mume wangu, karani wa forodhani, ambaye wiki iliyopita tu aliniambia viatu vyangu bado vinafaa! Kuna Mzungu anarudi kwao, anauza vyombo vyake. Muhiddin alikwenda kutazama kabati, akarudi na gari. Kabati sijaliona.

Tena si gari la petroli. La umeme. Anasema huko Ulaya lilikuwa likigawia maziwa nyumba hadi nyumba. Halina milango, na chini limejaa mabetri. "Petroli basi tena, Bi Kazija," ananiambia. Petroli gani? Tulikuwa tukienda kwa miguu.

Uchochoro wetu hapa Mkunazini, hata punda mwenye mzigo hupita kwa adabu. Kwa hiyo gari limelala kiwanjani nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la ukumbi, pale ninapoteremshia kikapu cha mkate.

Alhamisi, 20 Septemba

Tumegundua jambo. Gari nalo linataka kula.

Nyumba nzima tuna soketi mbili. Moja ya pasi, chumbani, ambako friji halipiti mlangoni. Nyingine ukumbini, ya friji — friji langu, lililowekwa ukumbini makusudi ili mgeni alione kabla hajaketi. Muhiddin akaitazama ya pasi. Akaitazama ya friji. Nikajua. Sasa waya umetoka tundu la friji, umepita juu ya kochi, umetoka dirishani, umeteremka sambamba na kamba ya kikapu changu mpaka kwenye sanduku la chuma ndani ya gari. Sanduku linanguruma kama mtu aliyeshiba. Friji limenyamaza.

Nikamuuliza, na maziwa yetu je? Akasema wenzetu Ulaya maziwa huletewa mlangoni kila asubuhi. Kwa gari gani? Kwa gari kama hili. Basi nikanyamaza na mimi.

Ijumaa, 21 Septemba

Baada ya magharibi, giza! Kwetu, na juu kwa Shemsa pia. Shemsa akapiga kelele ngazini kwamba ametia chumvi mara mbili kwa kutoona sufuria. Fyuzi imeungua. Fyuzi na swichi kubwa vimo ghalani chini. Mwenye nyumba yuko Pemba kwenye karafuu, ufunguo amemwachia Muhiddin, na Muhiddin hautoi mfukoni. Akashuka na kandili, akatia waya mnene zaidi. Haitaungua tena, anasema. Ile ya mwanzo ilikuwa dhaifu.

Kila kinachomkataza Muhiddin huwa dhaifu.

Jumapili, 23 Septemba

Linakwenda! Kimya kabisa, mpaka paka wa Darajani hawalisikii, na mzee mmoja alituapia kwa Mungu kwamba ni jini. Muhiddin amelifungia kengele ya baiskeli. Tukaenda mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, mimi juu ya kasha la maziwa, buibui nimelibana kwa meno. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Naye akageuka kunitazama vile alivyokuwa akinitazama mwaka tuliooana, karibu tumgonge muuza kahawa.

Nampenda mtu huyu. Naliandika leo, nisije nikalikana kesho.

Jumanne, 25 Septemba

Mipango imeshapangwa. Harusi ya mpwawe Makunduchi, mwezi ujao, tutakwenda na gari. Kwao wakaone! Kwanza Jumapili hii atalijaribu peke yake. Nimemuuliza, huko Makunduchi litakula wapi, maana umeme haujafika. Amesema nina tabia ya kutazama mabaya.

Jumamosi, 29 Septemba

Leo wamekuja wanawake wa upande wa bwana kumtazama Wanu, binti wa Shemsa. Shemsa aliniomba faluda yangu. Faluda bila friji ni uji. Kwa hiyo asubuhi, Muhiddin alipokwenda kazini, nikachomoa waya wake nikachomeka wangu. Kabla hajarudi nikabadilisha. Nani atajua?

Faluda imesifiwa. Wanu amependwa. Siku njema.

Jumapili, 30 Septemba

Gari la umeme limerudi likivutwa na gari la ng'ombe.

Limefika Tunguu likakata roho. Mzee Mcha wa huko ndiye aliyefunga ng'ombe wake mbele, wakaja hivyo mpaka mjini, watoto nyuma, Muhiddin kashika usukani kama nahodha. Kiwanjani palijaa watu. Nilimsikia Mcha akiwaambia kwamba ng'ombe wake pia hulishwa usiku, ila hawahitaji ukuta.

Nilicheka. Hilo ndilo kosa langu — nilicheka dirishani, nikasikika.

Muhiddin akapanda juu. Akaniuliza kama niliuchomoa waya jana. Sikuweza kusema uongo. Akaniuliza kwa sababu gani. Nikasema faluda. Na hapo, mbele ya Shemsa, mbele ya friji, akasema: "Wallahi ukiuchomoa tena waya wangu kwenye tundu hilo, kwa mkono wako au kwa amri yako, nshakuacha!"

Shemsa akashika kichwa. Maana talaka mbili zimeshakwenda. Ya kwanza ilikuwa ya chumvi ya mchuzi, ya pili ya mama yake, na zote alinirejea kabla eda haijesha. Ya tatu haina kurejea. Mpaka niolewe na mwingine kwanza.

Jumatatu, 1 Oktoba

Anasema mdomo uliteleza. Mdomo! Utadhani ameuazima.

Analia kwa siri. Mimi pia. Waya uko pale pale.

Jumatano, 3 Oktoba

Tumekwenda kwa Maalim Mkadam wa chuoni, mimi na Shemsa, tukakaa nyuma ya pazia. Anasema sharti likishatoka mdomoni haliondolewi. Dawa yake ni moja: lisitimie. Mtu mwingine akichomoa kwa hiari yake, hapana neno. Nikimwagiza mimi, nimeachika.

Halafu, kwa sauti ya upole sana, akauliza kama gari hilo linaweza kubeba mikeka ya chuo.

Jumamosi, 6 Oktoba

Maisha mapya. Muhiddin huchomoa mwenyewe asubuhi, kwa heshima, kama anayemvua mtoto kiatu. Siku akisahau, friji huwa limekufa mpaka adhuhuri na mimi napita mbali na ukuta ule. Vumbi la hapo sifuti.

Leo alisahau. Shemsa akaja, akakaa kochini karibu na plagi, akaniuliza habari za samaki. Nikasema samaki yumo frijini. Akasema joto limezidi. Nikasema limezidi. Akanyoosha mkono akachomoa.

Tukatazamana. Je, nilipandisha nyusi? Shemsa anaapa nilipandisha. Kidogo, anasema. Je, nyusi ni amri? Akarudi mbio kwa Maalim. Maalim anasema nyusi si amri, ila nisizizoeshe.

Tulicheka sana. Alipoondoka nikaenda kuketi jikoni, mbali na ukuta ule.

Jumatano, 10 Oktoba

Plagi ina joto. Sikuigusa — nilisogeza kiganja tu. Nimemwambia Muhiddin. Amesema inafanya kazi, na kila anayefanya kazi hupata joto.

Usingizi sipati. Nimekuwa nikiota mkono wangu unatembea peke yake kwenda ukutani. Yeye anakoroma. Nimewaza nyumba ya kaka yangu Jang'ombe: taa za mafuta, hakuna tundu hata moja. Nimewaza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Ijumaa, 12 Oktoba

Harusi ya Makunduchi ni leo. Muhiddin amepatana na Mzee Mcha ng'ombe wamngoje Tunguu. Yaani litakwenda kwa umeme mpaka Tunguu, na kutoka hapo kwa majani. Ameniambia haya bila kucheka, na mimi nimejifunza kutocheka.

Gari limekula tangu jana jioni. Yeye amekwenda msikitini. Akitoka, anachomoa, tunaondoka. Nimeshavaa. Zawadi ya bibi harusi ipo kikapuni.

Baadaye. Kuna harufu. Niliisikia kabla ya kuona chochote. Plagi imegeuka rangi ya kahawia na ukuta nyuma yake una doa. Shemsa na Wanu wako Jang'ombe. Swichi kubwa imefungiwa ghalani, ufunguo uko mfukoni mwa Muhiddin. Nikimwita mtu dirishani, nimeamrisha. Nikikaa kimya, nyumba ya watu itaungua. Basi nimekaa mbele ya plagi na kalamu, maana mikono inataka kazi. Hotuba ya leo ni ndefu!

Wametoka. Alhamdulillahi. Nasikia sauti yake kiwanjani, na jamaa zake wa Makunduchi wanapanda juu ya makasha. Nangoja miguu yake ngazini.

Hakuna miguu. Kengele ya baiskeli, kring kring. Halafu: "Kazija!"

"Naam!"

"Chomoa waya huo, mama, tumechelewa!"

Nilidhani sikusikia. Nikaenda dirishani. Amesimama pembeni mwa gari, kanzu nyeupe, kiganja juu ya macho kwa ajili ya jua. "Unasemaje?" nikamuuliza. "Chomoa, uuteremshe! Nshakwambia tumechelewa!" Jamaa wanacheka kwa jambo lao. Sauti yake haina hasira hata chembe. Ni sauti ya mtu anayeomba arushiwe kofia yake.

Amesahau. Siku zote hizi sikulala, vumbi sikufuta, nyusi zangu nimezichunga — yeye amesahau.

Au ndiyo ruhusa? Akiniagiza mwenyewe, sharti linavunjika au linatimia? Hili sikumuuliza Maalim. Ningelifikiriaje?

Naweza kumwambia, panda uchomoe mwenyewe. Maneno matatu. Nimerudi kuketi na bado sijayasema. Nayasikia yako hapa kooni, mepesi kabisa, na mdomo wangu hauyataki.

Harufu imezidi. Anaita mara ya tatu. Nimeitika, naam, nakuja. Kanga nimeikunja mkononi, mara mbili, maana plagi ina moto. Naiweka kalamu.